Umeokoka mara ngapi? Kisa cha mfalme wa Fort Jesus

Wacha nikuulize swali, na usijibu haraka: umeokoka mara ngapi?

Mimi nimeokoka mara nne. Ya kwanza nilikuwa darasa la sita, kwenye kambi ya likizo. Ya pili ni baada ya kidato cha nne, kwa sababu niliomba nipite mtihani nikapita. Ya tatu kulikuwa na binti wa kwaya (usicheke, hata wewe unalo lako). Ya nne ni usiku ule nilipoacha chuo, mwaka wa pili, sina karo wala mpango. Kila mara nililia machozi ya kweli kabisa. Na kila mara, baada ya wiki kama sita hivi, Jumapili zangu zilirudia usingizi na mpira.

Sasa mwezi jana dada yangu akanipigia simu. "Mtoto anabatizwa. Nataka wewe ndiwe usimamie ubatizo wake." Nikamwambia sawa, fasta, kama mtu aliyeambiwa alete soda. Akanyamaza kidogo. "Lakini unajua utaulizwa maswali mbele ya kanisa zima? Na utamjibia yeye?"

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Nikashuka hadi Fort Jesus, nikakaa nje kwenye kivuli, kikombe cha kahawa chungu mkononi. Ngome hiyo unaijua. Umepiga picha mbele yake mara mia. Lakini unajua stori ya mfalme aliyebatizwa angali mtoto?

Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mwaka 1614, Sultani Hasan, aliyetawala Mombasa chini yao, alikosana na nahodha wa ngome, akakimbilia bara, akauawa huko kwa njama za Wareno. Aliacha mtoto mdogo, Yusuf. Wareno hao hao wakamchukua wakampeleka Goa, kule India. Akalelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa, akapewa jina Dom Jerónimo Chingulia. Fikiria: waliomuua babako ndio wanaokufundisha sala.

Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme. Mfalme Mkristo katika mji wa Waislamu, chini ya nahodha asiyemheshimu. Wenyeji hawakumwamini, Wareno nao walimdharau. Inasimuliwa kuwa alionekana akiomba kwenye kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu, na nahodha akapanga kumshtaki Goa.

Hakungoja. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa, akaiteka ngome. Akauvua Ukristo, akarudia jina lake Yusuf. Wakristo waliokuwa mjini wakapewa chaguo: waiache imani yao au wafe. Zaidi ya mia moja waliuawa, wanaume, wanawake na watoto. Na si Wareno peke yao. Walikuwemo Waafrika pia, watu wa hapa hapa.

Hao ndio walionishika. Kwa Mreno, kukataa kulikuwa kukataa kwa mtu wa ugenini. Lakini Mwafrika aliyebatizwa Mombasa angeweza kusema neno moja tu akarudi kwa jamaa zake. Wapo waliolisema, na mimi siwahukumu hata kidogo. Mimi nimeacha kanisa kwa sababu ya mechi. Lakini wapo waliokataa. Baadaye ushahidi kuwahusu waliouawa ulikusanywa Goa, na Kanisa Katoliki linawakumbuka kama Mashahidi wa Mombasa.

Tusipambe stori. Wareno walikuja na mizinga kabla ya misalaba, na Yusuf alikuwa na uchungu wa haki. Mwaka 1632 aliihama ngome, akawa haramia baharini, akafa miaka michache baadaye mbali na kwao. Ukiniuliza mimi, ahadi ile ya Goa haikuwahi kuwa yake. Alivikwa kama kanzu ya mtu mwingine, na siku ilipombana akaichana.

Ndiyo maana swali la dada yangu lilinichoma. Mtoto wake naye atavikwa ahadi ambayo hakuichagua. Tofauti pekee kati yake na Yusuf ni watu watakaomzunguka. Kama anayemsimamia anaishi anachokiahidi, mtoto atakua akiona kitu cha kweli, kisha siku moja atachagua mwenyewe. Kama ni mimi huyu wa mara nne, ataona maneno matupu.

Kuna kinyozi wangu pale Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Mwislamu. Adhana ikilia, anaweza kuniacha na nusu ya nywele, akaenda kuswali, akarudi akamalizia. Sijawahi kumwona akilia kwa ajili ya dini. Ila sijawahi kumwona akikosa. Na mimi niliyelia mara nne nilikuwa nikimcheka!

Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: akae kwanza, apige hesabu, aone kama atamaliza. Si maneno ya kumtisha mtu. Ni heshima, kwamba anakutaka uje ukiwa na akili zako zote. Sisi vijana tunapiga hesabu ya bando, ya nauli ya tuktuk, ya kodi ya nyumba. Ya imani tunairukia kwa sababu kinanda kilipigwa vizuri.

Basi sikumpa dada jibu siku hiyo. Nilienda kwa katekista wa mtaani, mzee mmoja mpole, nikamwomba anisomee maswali yote nitakayoulizwa siku ya ubatizo. Akasoma polepole. La kwanza nilisema ndiyo. La pili nikasema ndiyo. La tatu nikamwomba wiki moja.

Akafunga kitabu, akatabasamu. "Wewe ndiwe wa kwanza kuniomba wiki," akasema. "Njoo Jumamosi."

Jumamosi nitaenda. Wewe je, ukisomewa maswali yale yale polepole, ungeomba wiki ngapi?