KASORO ZA UMEME WA BETRI KATIKA VYOMBO VYA ZIWANI: CHUNGUZA NJIA YA KURUDIA KABLA YA KUNUNUA BETRI MPYA

Wenye vyombo, manahodha na mafundi wa mialo ya Bukoba na Muleba, pamoja na wale wa visiwa vya Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini na kuwasomea wenzao. Maelezo yanahusu umeme wa betri ya volti 12 unaotumika katika mitumbwi ya injini na maboti ya Ziwa Victoria.

Hapo zamani uvuvi wa dagaa nyakati za giza ulitegemea karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za betri zimeenea. Aidha, vyombo vikubwa vya abiria na mizigo vina taa za njia, pampu za kutoa maji na injini zinazowashwa kwa stata. Kwa hiyo kasoro ya umeme si jambo la mwanga peke yake. Chombo kisicho na taa usiku hakionekani na chombo kingine kinachokuja kwa kasi. Pampu ikifa wakati wa mawimbi, abiria hubaki wakikumba maji kwa ndoo. Injini isiyowaka hukiacha chombo kikichukuliwa na upepo.

Hitilafu itokeapo, lawama ya kwanza aghalabu huiangukia betri. Mwenye chombo huvuka ziwa, hununua betri mpya, hurejea kisiwani, na baada ya majuma machache kasoro ni ile ile. Fedha imekwenda na ubovu umebaki mahali pake. Ni vyema ikaeleweka kuwa betri huweza kuwa nzima kabisa, na ubovu ukawa katika waya wa hasi.

Umeme unavyosafiri

Umeme wa betri hutoka kichwa cha chanya, hupita katika fyuzi na swichi, hufika kwenye taa au pampu, kisha ni lazima urudi kwenye kichwa cha hasi. Njia ya kwenda ikiwa nzima na njia ya kurudi ikiwa mbovu, taa haitawaka ipasavyo. Mafundi wengi huikagua njia ya kwenda kwa bidii na kuisahau ya kurudi.

Usahaulifu huo una asili yake. Katika gari, bodi ya chuma ndiyo njia ya kurudia. Fundi hufunga waya mfupi kwenye bodi na kazi imekwisha. Mtumbwi ni wa mbao, na mbao si njia ya umeme. Hivyo basi, kila taa na kila pampu chomboni ihitaji nyaya mbili kamili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hata katika chombo cha chuma, bodi isifanywe njia ya kurudia, kwa kuwa umeme unaovujia majini kupitia chuma hukila chuma hicho.

Kadhalika, isichanganywe maana ya waya wa hasi na waya wa ethi. Waya wa hasi hubeba umeme wakati wote kifaa kinapofanya kazi. Waya wa ethi huunganisha sehemu za chuma kwa ajili ya usalama, na katika hali ya kawaida haubebi umeme. Fundi anayeufanya waya wa ethi kuwa njia ya kurudia ameziharibu kazi zote mbili.

Kwa nini taa iwake na stata ikatae

Hili huwatatanisha wengi. Kiungo chenye kutu huzuia umeme, na kizuizi hicho hupoteza volti nyingi zaidi kadiri umeme unaopita unavyokuwa mwingi. Tuseme kiungo cha waya wa hasi kina ukinzani wa omu 0.1. Taa ndogo inayovuta ampea 1 itapoteza volti 0.1 tu, na mwanga wake hautatofautiana. Pampu inayovuta ampea 5 itapoteza nusu volti. Lakini stata ikitaka ampea 60, volti 6 zingehitajika kwa ajili ya kukivuka kiungo hicho peke yake, yaani nusu ya nguvu ya betri. Stata italia mara moja na kunyamaza. Kwa hiyo kuwaka kwa taa si ushahidi kwamba nyaya ni nzima.

Utaratibu wa uchunguzi

Kabla ya kuanza, petroli yote iliyomwagika ifutwe, chombo kipigwe na upepo, na sigara au moto wowote uwe mbali. Kisha hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio:

1. Betri ipimwe kwanza. Iachwe saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha ipimwe kwa mita. Betri ya asidi iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo; volti 12.2 ni takriban nusu. Chini ya volti 12 imekaribia kwisha. Yenye chaji ndogo ichajiwe kabla ya kuendelea.

2. Vichwa vya betri vitazamwe. Unga mweupe au wa kijani uondolewe kwa brashi na maji ya vuguvugu, chuma kisuguliwe kwa msasa, na vishikizo vikazwe hadi visizunguke kwa mkono.

3. Njia ya kurudi ipimwe taa ikiwa imewashwa. Ncha moja ya mita iwekwe juu ya kichwa chenyewe cha hasi, si juu ya kishikizo, na ncha ya pili kwenye mwisho wa hasi wa taa. Njia nzuri huonyesha karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, njia hiyo ina kasoro.

4. Njia ya kwenda ipimwe vivyo hivyo, kutoka kichwa cha chanya hadi mwisho wa chanya wa taa.

5. Kasoro itafutwe kwa kuigawa njia. Ncha ya mita isogezwe kutoka kiungo kimoja hadi kingine kuelekea betri. Pale ambapo volti zinashuka ghafla, ubovu uko katika kipande kilichorukwa.

6. Kwa injini yenye stata, ncha moja iwekwe kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma safi cha injini, wakati mtu mwingine anapowasha. Hapa pia, zaidi ya nusu volti ni dalili ya waya au kiungo kibovu.

Asiye na mita asikate tamaa. Achukue waya mzuri wenye urefu wa kutosha, auunganishe kwa muda kutoka kichwa cha hasi hadi mwisho wa hasi wa taa inayofifia. Taa ikichangamka papo hapo, ubovu uko katika njia ya kurudi. Jaribio hili lisifanywe kwa stata, kwani waya mwembamba utaungua mkononi.

Matengenezo yanayodumu

Nyaya zilizopotolewa kwa mkono na kuzungushiwa utepe hazifai ziwani. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini unyevu huingia chini ya utepe, hupanda ndani ya ganda la plastiki na kuigeuza shaba kuwa nyeusi. Waya wa namna hiyo ukatwe hadi ionekane shaba inayong'aa, ubanwe kwa kishikizo imara, kisha kiungo kizibwe maji yasiingie. Viungo vyote viwe juu, mbali na ngama, yaani sehemu ya chini maji yanapokusanyika. Nyaya zote za hasi zikutane mahali pamoja panapofikika kwa urahisi, na kutoka hapo waya mmoja mnene uende kwenye betri.

Fyuzi iwe karibu na kichwa cha chanya kadiri iwezekanavyo, kwa sababu waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi. Ni marufuku ya busara kuweka msumari au waya mtupu badala ya fyuzi. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inatoa habari ya hatari, na kuinyamazisha ni kualika moto katika chombo chenye petroli.

Wakati wa kufungua betri, waya wa hasi utangulie kutolewa. Wakati wa kufunga, uwe wa mwisho kurudishwa. Kwa utaratibu huo, spana ikigusa chuma cha injini wakati wa kulegeza chanya, haitatoa cheche. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, hivyo isifungiwe katika sanduku lisilo na tundu, na ifungwe imara isipinduke katika mawimbi. Asidi ikimwagikia ngozi au macho, maji mengi safi yatumike mara moja na mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Wenye vyombo wanashauriwa kufanya uchunguzi huu mwaloni, mchana, kabla ya kila kipindi cha giza, kwani kiungo kinachotengenezwa kwa dakika kumi nchi kavu hakitengenezeki usiku kati ya Kemondo na Goziba. Tahadhari kabla ya hatari.