Lukasa Nje ya Kioo: Msanii Mkaazi Katika Jumba la Makumbusho

Lukasa ni ubao wa Waluba uliopambwa kwa shanga, kauri na michoro. Mabingwa wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, wakaupapasa kwa kidole cha mkono wa kuume huku wakisimulia habari za wafalme na safari zao. Masimulizi yalibadilika kwa kadiri ya msomaji na wasikilizaji wake. Ubao huo ukifungiwa ndani ya kioo, mtazamaji huziona shanga tu, usomaji umekoma. Ndivyo ilivyo pia kwa kifwebe cha Wasongye kilichotengwa na vazi, ngoma na mchezaji wake.

Kwa sababu hiyo baadhi ya majumba ya makumbusho huwakaribisha wasanii wakae humo kwa majuma au miezi. Msanii hupewa chumba cha kazi, hufunguliwa ghala na hifadhi ya picha, kisha huandaa warsha na maonyesho kwa ajili ya wageni. Warsha juu ya lukasa yaweza kuwaomba watoto watunge mbao zao wenyewe: kokoto iwe nyumba ya bibi, ushanga mwekundu soko, uzi njia ya reli. Mwenzake mtoto akijaribu kuusoma ubao huo, akakosea njia, hadithi nyingine huzaliwa. Mchezo huo wafundisha jambo ambalo kibandiko cha maelezo hakiwezi kulifundisha.

Hata hivyo mkono haupaswi kugusa kila kitu. Jasho huharibu mti, na vitu vingi vya zamani vilitiwa arseniki au DDT ili kuzuia wadudu. Nakala ndizo zichezewe.

Vitu vingi vya Katanga vimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Huko walikaa kikazi wasanii wawili wa Lubumbashi, mpigapicha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, na kazi zao zikaonyeshwa mwaka 2011. Baloji aliunganisha picha za François Michel na michoro ya Léon Dardenne, wote wawili wa msafara wa Lemaire (1898–1900). Huo nao ni mchezo, ingawa ni mchungu. Tena ni Tervuren hiyohiyo ambako Wakongo 267 walipelekwa kuonyeshwa mwaka 1897, na saba wakafia huko. Basi mwenye kutayarisha mchezo katika nyumba ya namna hiyo hana budi kujiuliza kwanza: nani anatazama, na nani anatazamwa?

Lipo pia tatizo la kawaida zaidi. Msanii huondoka. Ikiwa waongoza wageni hawakushirikishwa tangu mwanzo, mbao za watoto huishia jalalani. Afadhali masimulizi yao yanaswe kwenye kinasa sauti, kwa Kiswahili cha Lubumbashi jinsi walivyokisema, yasikilizwe karibu na kile kioo.