Uangavu wa Maji Usituhadae

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hususan viunga vya Nakuru, Naivasha na Gilgil, maji ya visima yana floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, nacho hupitwa mara nyingi huko. Mwalimu huyaona matokeo darasani: meno ya hudhurungi na mwanafunzi anayeziba kinywa anapocheka. Kuyachemsha maji si dawa, maana mvuke hutoka na floridi hubaki.

Ndiyo sababu wenye uwezo wamenunua mashine za osmosisi geuzi, ambazo huyasukuma maji kwa shinikizo yapenye utando mwembamba, chumvi nyingi ikabaki nyuma. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, utando huchakaa pasipo kuonekana. Floridi haina rangi. Kwa hiyo utando uliokwisha huendelea kutoa maji maangavu, na wenye nyumba wakaendelea kuyanywa kwa imani.

Tufanyeje basi? Kwanza, vichujio vya awali, cha taka na cha mkaa, vibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kile cha mkaa ndicho ngao, kwani huzuia klorini ya maji ya bomba isiuharibu utando. Utando ukitunzwa hivyo, aghalabu hudumu miaka 2 hadi 3.

Pili, ipo mita ndogo ya kupimia jumla ya chumvi majini. Yapimwe maji yanayoingia na yanayotoka. Ikisoma 500 kisha 50, utando umezuia asilimia 90. Kiwango kikishuka chini ya 80, ubadilishwe. Fauka ya hayo, mita hiyo haipimi floridi peke yake; uhakika wake hupatikana maabara.

Tatu, maji yakitoka kwa kusuasua, tusikimbilie kununua utando mpya. Huenda kichujio cha awali kimeziba, shinikizo la bomba limepungua, au tangi limeishiwa na upepo.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Maelezo ya mashine hizi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wanaozihudumia kila siku huzungumza Kiswahili. Istilahi tunazo: utando, kichujio, shinikizo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia. Mwalimu wa sayansi na mwenzake wa Kiswahili wangeweza kuwaongoza wanafunzi waandike maelezo hayo kwa ufasaha, pamoja na tarehe ya kubadilisha kila kichujio, wayabandike ukutani kando ya mashine.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini meno ya mtoto huathirika yangali yakiundika ndani ya ufizi, na yakishaota na doa lake, hapana ukuta wa kujenga.