Diski au Ringi? Ya Kweli na ya Uongo Kuhusu Breki Kisangani

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Ni mji wa toleka pia, yaani teksi za baiskeli. Miaka ya vita, Mto Kongo ulipofungwa na petroli kuadimika, baiskeli yenye kiti nyuma ndiyo iliyowapeleka watu Makiso, Mangobo na Kabondo. Pikipiki zimewanyang'anya watolekisti abiria wengi, lakini mfanyakazi anayetaka chombo cha kwendea kazini bado anauliza bei ya baiskeli. Akiona moja yenye diski, maneno huanza.

"Diski ina nguvu kuliko breki ya ringi."

Uongo, angalau barabara ikiwa kavu. Ringi yenyewe ni diski kubwa. Diski ya kawaida ina kipenyo cha milimita 160, wakati ringi ni kubwa mara tatu na nusu hadi nne. Raba inayobana pembeni kabisa mwa gurudumu haihitaji nguvu nyingi kulisimamisha. Pedi za diski zinabana karibu na habu, kwa hiyo lazima zibane kwa nguvu zaidi kupata matokeo yaleyale. Mwishowe anayeamua ni tairi: likianza kuteleza, hakuna breki itakayokusaidia.

"Mvua ikinyesha, breki zote ni mamoja."

Uongo, na huu ndio unaoumiza watu. Tazama baiskeli nyeusi ya Kichina au ya Kihindi, ile ya inchi 28 yenye fito za chuma badala ya waya. Ukivuta mkono wa breki, fito inainua raba mbili zinazobana upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama habu. Ni ufundi wa akili: hata ringi ikipinda na kuyumba kushoto na kulia, breki inashika. Lakini ringi hiyo ni ya chuma kilichopakwa kromu, laini kama kioo. Ikilowa, maji yanakaa katikati ya raba na kromu, na gurudumu linazunguka mara kadhaa kabla raba haijayafuta. Huko Ulaya, enzi za ringi za chuma, watengenezaji walifikia kubandika ngozi kwenye raba ili zishike wakati wa mvua.

Ringi ya aluminiamu ni habari nyingine. Ikilowa nayo inachelewa kidogo, kisha inashika. Diski inachelewa kwa muda mfupi kuliko hapo, kwani iko juu, mbali na madimbwi, na pedi zake zinabana kwa nguvu inayofukuza maji. Ukipanga kwa usalama wakati wa mvua, diski ya kwanza, aluminiamu ya pili kwa karibu, na kromu ya mwisho, mbali sana. Kwa maoni yangu watu wanabishana juu ya kitu kisicho chenyewe. Swali la kwanza kwa muuzaji si kama baiskeli ina diski. Muulize ringi ni ya chuma au ya aluminiamu, na kama ana shaka, weka sumaku: ikinasa, ni chuma.

"Usishike breki ya mbele, itakurusha."

Uongo kwa sehemu kubwa. Unaposhika breki, uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi na kuburuzika tu. Kwa mtu aliye peke yake kwenye lami, breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ukimpakia mtu kwenye keria, hesabu inabadilika: uzito umelala nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma inapata thamani yake, na kurushwa mbele ni vigumu zaidi. Zishike zote mbili. Palipo na udongo mwekundu uliolowa, hapo ndipo pa kuihurumia ya mbele, maana gurudumu la mbele likiteleza huna muda wa kujirekebisha.

Usisahau mwendo. Abiria, mwendeshaji na baiskeli wanaweza kufika kilo 150. Kutoka kilomita 15 hadi 20 kwa saa, kazi ya breki inaongezeka kwa karibu asilimia 80.

"Diski hazitaki matunzo."

Uongo mtupu, hasa katika mji ambao madumu ya mafuta ya mawese husafiri kwa baiskeli. Tone moja likidondokea ringi, unalitoa kwa sabuni na maji, unasugua raba kwa msasa, safari inaendelea. Tone hilohilo likiingia kwenye pedi za diski, pedi zinalinyonya. Breki inapiga kelele na haishiki, na mara nyingi dawa ni pedi mpya. Diski nayo inalika: nyingi huanza na unene wa milimita 1.8 na hutakiwa kubadilishwa zikifika 1.5.

"Fundi yeyote anaweza kuifunga diski kwenye baiskeli ya zamani."

Uongo. Habu lazima iwe na mahali pa kufungia diski, na uma uwe umetengenezwa kubeba mvuto wake. Kuchomelea kipande cha chuma kwenye uma mwembamba ni kutafuta ajali.

"Fundi wa chini ya mwembe hawezi diski."

Nusu kweli. Diski ya waya anaiweza: waya ni uleule, kurekebisha ni kwa spana ndogo na jicho. Ya mafuta ndiyo yenye mtego. Kwa mafundi wa pikipiki utakuta mafuta ya breki ya DOT, na mtu atakuambia mafuta ni mafuta. Shimano, kwa mfano, hutumia mafuta ya madini, na ukiyachanganya na DOT, sili za ndani zinavimba na kuharibika. Aina inayotakiwa mara nyingi imeandikwa kwenye kifuniko pale penye mkono wa breki. Isome kabla chupa haijafunguliwa, na kama dukani hakuna anayeuza mafuta hayo wala pedi za aina hiyo, chukua yenye ringi za aluminiamu.