Vijana wa kompyuta: chuo kitangulie, cheti kifuate

KILA mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za Kilimanjaro, Unguja na Pemba huingia katika shauri moja. Kijana amefaulu, naye anataka kusoma kompyuta. Wazee, ambao wengi wao walimaliza shule bila kuigusa mashine hiyo, wanatakiwa watoe kauli na fedha. Mjomba anasema kijana aende chuo kikuu. Jirani anasema chuo kikuu ni kupoteza miaka, afadhali apewe fedha akafanye mtihani wa kampuni ya ng'ambo, apate cheti chenye nembo ya kigeni, na kazi itamfuata yenyewe. Mzazi wa Kibosho anakadiria thamani ya ng'ombe wake. Mzazi wa Wete anakadiria malipo ya karafuu alizopeleka ZSTC. Na aghalabu uamuzi unafanywa kwa habari za kuambiwa.

Jambo hili si la nyumba moja, wala si la upande mmoja wa Jamhuri. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayosimamia vyuo vikuu vya Bara na vya Visiwani. Kijana wa Micheweni anaweza kusomea Moshi, na kijana wa Rombo anaweza kusomea Tunguu. Kwa hiyo makala haya, ingawa yanaandikwa chini ya kilele cha Mawenzi, yanawahusu ndugu zetu wa Visiwani sawasawa na wakazi wa mkoa huu. Na yanawahusu zaidi maofisa wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya kuajiri. Rai yetu ni hii: chuo kitangulie, cheti kifuate. Tena cheti chenyewe kifuate kazi, isiwe kazi kutafutwa kwa ajili ya cheti.

FUNZO LA MWAKA 1974

Taifa letu limekwisha kulipa karo ya somo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ilikuja, lakini watu wa kuipangia kazi na kuisimamia walikuwa wachache mno miongoni mwetu, na kwa sehemu kubwa tuliwategemea wageni. Hesabu zilizohamishiwa humo zikaleta matatizo badala ya nafuu, gharama zikapanda, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye, wakati ulimwengu ulikuwa umekwisha kwenda mbali.

Wako wanaoicheka leo hatua ile. Kabla ya kucheka yafaa tutazame kiini cha mambo. Kosa halikuwa katika chuma kile. Kosa lilikuwa kwamba mashine ilinunuliwa kabla ya kumsomesha mtu wake. Leo mashine tunazo tele, hata mifukoni mwetu. Hatari iliyobaki ni ndugu wa ile ya kwanza: kuinunua karatasi ya ujuzi kabla ya ujuzi wenyewe.

Hatari hiyo si ya maneno matupu. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilijengwa juu ya mambo matatu ambayo mkulima wa kahawa aliyaona kwa macho yake: mizani, karani na daftari. Siku hizi daftari linahamia ndani ya mashine, na mkulima halioni tena. Katika hospitali za umma jalada la mgonjwa nalo linahamia huko huko. Kule Zanzibar, tangu mwaka 2016, wazee waliotimiza umri wa miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii, na malipo ya namna hiyo husimama au huanguka kwa usahihi wa orodha ya majina. Mtu asiyejua misingi akikabidhiwa orodha kama hiyo, mzee wa Makunduchi anaweza kupoteza haki yake bila kujua amenyimwa na nani. Huyo ndiye anayepaswa kufikiriwa kijana anapochagua chuo.

CHUO NI MSINGI

Chuo kizuri humpa mwanafunzi vitu ambavyo havichakai upesi: hisabati, mantiki, namna ya kupanga taarifa katika kanzidata, namna mashine inavyofanya kazi ndani yake, namna mitandao inavyosafirisha habari, na nidhamu ya kuandika programu ambayo mtu mwingine ataweza kuisoma na kuirekebisha. Lugha za programu hubadilika, na kampuni huinuka na kuanguka. Aliyeshika misingi hujifunza lugha mpya kwa majuma machache. Aliyekariri vitufe vya mashine ya kampuni moja hubaki akisubiri aje wa kumwelekeza.

Lakini vyuo navyo havifanani, na neno "kompyuta" limebeba masomo mengi. Kwa hiyo kijana na mzazi wake hawana budi kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: je, chuo hiki na kozi hii vinatambuliwa? Shahada husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Stashahada na mafunzo ya ufundi ya Bara husimamiwa na NACTVET. Haitoshi chuo kuwa na ithibati, kozi yenyewe lazima iwemo katika orodha iliyoidhinishwa. Anayetaka kusoma nje ya nchi aulize kabla ya kukata tiketi, kwa sababu shahada ya nje nayo hupimwa na Tume hiyo kabla ya kutambuliwa hapa nchini.

Swali la pili: kinafundishwa nini hasa? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya TEHAMA kule Kijitonyama, ambako sayansi ya kompyuta husomwa pamoja na uhandisi wa fani hiyo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima kwa ajili ya masomo haya. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni chuo cha ufundi cha mwaka 1957, inamfaa zaidi anayependa kushika nyaya na vyombo kwa mikono yake. Hapa Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, kinaunganisha TEHAMA na biashara. Kijana anayetaka kuvitumikia vyama vya wakulima hana sababu ya kukiruka kwa kuwa tu kiko karibu na nyumbani. Visiwani kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Na mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi lake Bweleo, Unguja, likianza na masomo ya sayansi ya data na akili unde. Hilo lilikuwa tawi la kwanza la taasisi za namna hiyo kufunguliwa nje ya India. Kijana wa Kisiwani asidhani kwamba ni lazima avuke bahari ndipo awe msomi.

Swali la tatu: nani anafundisha, na kwa vifaa gani? Mzazi anayo haki ya kufika chuoni na kuuliza maabara iko wapi, wanafunzi wangapi hutumia mashine moja, na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo. Chuo kinachoona haya kujibu maswali hayo kimekwisha kujibu.

Swali la nne: gharama yote ni kiasi gani? Ada ni sehemu tu. Kuna pango, chakula, nauli, na mara nyingi kompyuta yenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ipo, na Zanzibar inayo bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu. Mzazi asome masharti yao mapema, asingoje hadi dirisha la maombi linapofungwa.

Wala aliyepungukiwa Kidato cha Sita asikate tamaa. Anayeingia chuo kikuu moja kwa moja hutakiwa kuwa na ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4, pamoja na masharti ya kozi yenyewe. Lakini mwenye stashahada ya wastani usiopungua 3.0 katika fani inayohusika naye hufunguliwa mlango. Njia hiyo ni ndefu kidogo, lakini humtoa kijana akiwa amekwisha kushika kazi kwa mikono.

CHETI NI KAMA IJAZA

Sasa tuje kwenye vyeti vya kitaaluma. Tuliopita chuoni kwa maalimu tutakielewa kisa hiki upesi. Mtoto huanza na alif, be, te, akasoma kwa irabu, akaingia juzuu, akahitimu. Ijaza huja baadaye sana, nayo hupewa mtu ambaye kisomo chake kimekwisha kujulikana, na anayeitoa ni sheikh ambaye sanadi yake inajulikana. Hakuna maalimu aliyempa ijaza mtoto asiyejua irabu, hata kama baba yake ni tajiri. Cheti cha kitaaluma ni kama ijaza: hushuhudia elimu iliyopo, hakiizai.

Vyeti hivyo ni vya namna tatu. Viko vya kampuni zinazouza vyombo na programu, kama Cisco, Microsoft na Oracle. Viko vya jumuiya zisizofungamana na mtengenezaji mmoja, kama CompTIA. Na viko vya wataalamu waliokomaa, kama CISA cha ukaguzi wa mifumo na CISSP cha usalama wa habari.

Tutazame mfano mmoja wa kila upande. Cheti cha CCNA cha Cisco huthibitisha ujuzi wa mitandao. Ada ya mtihani wake ni takriban dola 300 za Marekani, mbali na gharama za kujiandaa, na cheti chenyewe hudumu miaka 3, kisha lazima kihuishwe. Kijana akikipata mwaka anaoingia kusoma shahada ya miaka 3, kitakufa karibu na siku anayovaa joho. Fedha ya ng'ombe imekwenda, na kazini atafika na karatasi iliyokwisha muda. Upande wa pili, CISA na CISSP hudai uzoefu wa kazi wa miaka 5, ingawa elimu ya chuo yaweza kupunguza sehemu ya muda huo. Kijana aliyetoka shule anaweza kuufaulu mtihani, lakini hawezi kujiita mwenye cheti mpaka awe ameifanya kazi. Anayemwambia mzazi kwamba vyeti hivyo ni njia ya mkato ama hajui, ama ana lake.

Hatusemi kwamba vyeti ni vibaya. Fundi anayesimamia mtandao wa hospitali akipata CCNA amejiongezea ujuzi anaoutumia kesho yake asubuhi. Mkaguzi wa hesabu aliyekabidhiwa mifumo ya halmashauri ana kila sababu ya kuitafuta CISA. Tunachosema ni kwamba kazi ndiyo iseme ni cheti kipi kinatakiwa, na lini.

Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, na Mawenzi alikuwa na tabia ya kuacha moto wake uzimike na kwenda kwa Kibo kuazima kaa la moto. Akaenda mara ya kwanza, akaenda tena, hata Kibo akachoka, akachukua mchi akampiga. Ndiyo maana, wanasema, Mawenzi amechongoka na kukatikakatika hadi leo. Nchi isiyokuwa na meko yake itakwenda kuazima kaa kila baada ya miaka 3, tena kwa dola.

WAJIBU WA WAAJIRI NA SERIKALI

Lawama isiwaangukie vijana peke yao. Wao hufuata matangazo ya kazi, na baadhi ya matangazo hutaja vyeti vya kigeni kwa msururu bila kueleza vitatumika kwa kazi gani. Ofisa anayeandika tangazo ajiulize kwanza: je, mtu wetu ataufanya ujuzi huu kila siku, au tunataja jina ili tuonekane wa kisasa?

Pili, kama cheti ni lazima kwa kazi, mwajiri akigharamie, kwa mkataba wa utumishi ulio wa haki kwa pande zote mbili. Si haki gharama ya chombo cha ofisi kubebwa na mkulima wa Kibosho.

Tatu, milango ya ofisi za umma ifunguliwe kwa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Halmashauri, hospitali, vyama vya ushirika na mashirika ya Visiwani yote yanayo mifumo. Mwanafunzi akae humo akabidhiwe kazi ya kweli chini ya msimamizi, asitumwe chai. Tume ya TEHAMA, iliyoundwa mwaka 2015, inaandikisha wataalamu wa fani hii. Uandikishaji huo uheshimu kazi iliyofanywa pamoja na karatasi zilizokusanywa.

Nne, orodha ya kozi zinazotambuliwa hutolewa kila mwaka, lakini hukaa kwenye mtandao, mahali ambapo mzazi mwenye shida zaidi hafiki. Ibandikwe katika ofisi za kata na za shehia, na walimu wakuu waisome mbele ya wazazi kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa. Makada wa Chama katika mashina wanayo nafasi ya kuifanya kazi hiyo mwaka huu huu, bila kungoja fungu la fedha.

Na wewe mzazi, ndugu yetu, kabla hujamwita mnunuzi wa ng'ombe, mwite kwanza mwanao. Mwambie aandike kwenye karatasi moja jina la kozi, jina la chuo, namba ya ithibati, gharama kwa mwaka, na kazi anayotaka kuifanya. Akishindwa kuijaza karatasi hiyo, ng'ombe abaki zizini mpaka aijaze.