Moja Nukta Sita

Mpango wa kufungua kampuni yangu ya ushauri wa uhandisi wa miundo niliuandika kwenye kaunta buku, mwaka wa pili tangu nimalize chuo. Ulipendeza kuusoma. Miezi mitatu ya usajili, mwezi wa sita mteja wa kwanza, baada ya hapo nyumba moja kila mwezi, kumi na mbili kwa mwaka. Kompyuta mpakato ninayo, programu ya mahesabu ninayo, na shangazi yangu wa Tabata amekubali chumba chake cha mbele kiwe ofisi. Sikuona kilichopungua.

Cha kwanza kilichopungua kilikuwa mhuri. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, digrii peke yake haikupi ruhusa ya kusaini michoro. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unakaa chini ya waliokutangulia. Wengi hupitia mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, SEAP, ulioanza 2003, ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi iwasajili kuwa wahandisi wataalamu. Mhandisi mshauri ni ngazi iliyo juu ya hapo, na kampuni nayo ina usajili wake. Kwenye daftari langu safari hiyo yote ilikuwa neno moja: "vibali".

Mzee mmoja mwenye mhuri akanihurumia. Nikokotoe na kuchora mimi, yeye akague kila karatasi kabla ya kusaini, ada tugawane. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mama mstaafu, mwenye kiwanja cha mteremko Kimara, akitaka nyumba ya ghorofa moja. Nusu ya ada mkononi, nusu akikabidhiwa michoro. Kazi nikaipa wiki tatu.

Nilipouliza majibu ya kipimo cha udongo, alishangaa. "Injinia mwanangu, udongo si unauona?"

"Mama, mimi naona wa juu tu."

Tukachimba mashimo mawili. Upande wa juu, mchanga mgumu. Upande wa bondeni, kifusi cha miaka, mifuko ya plastiki bado inang'aa ndani yake. Msingi ukabadilika, mahesabu yakaanza upya, wiki tatu zikawa tisa. Nusu ya pili ya ada ikawa "mwisho wa mwezi", kisha ikawa "nikiuza kile kiwanja cha Chanika".

Saiti haikuwa kwenye makubaliano, kwa kuwa ada ilikuwa ya michoro tu. Siku moja nilipanda daladala nikaenda kwa nauli yangu. Slabu ilikuwa na siku kumi, na fundi ameshashika nyundo ang'oe mirunda, maana ilikuwa ya kukodi na hulipiwa kwa siku. "Zege limeshakauka hili, gonga usikie." Kwenye nguzo za juu, ringi nilizochora kila sentimita 15 zilikuwa zimefungwa kila 30. Fundi yule hakuwa mwizi. Nondo zilikuwa zimeletwa pungufu, naye akazigawa sawasawa, kama mtu anavyogawa ugali wageni wakizidi. Hakuna aliyewahi kumweleza kazi ya ringi, wala kwamba zege linaloonekana kavu bado linakomaa, na nguvu tunayoiandika kwenye mchoro ni ile ya siku ya 28.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikiikumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoporomoka na kuua watu 36.

Asubuhi nilimsimulia mzee. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Kwenye mahesabu yako, uzito wa watu unauzidisha kwa ngapi?"

"Moja nukta sita, mzee."

"Na kwenye lile daftari lako?"

Nilinyamaza. Kanuni ya Uingereza tunayoitumia, BS 8110, Waingereza wenyewe waliiondoa 2010 lakini huku bado iko mezani kwa wahandisi wengi. Inataka uzito wa jengo lenyewe uzidishwe kwa 1.4. Zege tunalijua, ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, na bado hatuliamini. Uzito wa watu na mizigo yao, unaokuja na kuondoka, unazidishwa kwa 1.6. Kadiri usivyojua, ndivyo unavyozidisha. Mimi nisiyeuamini hata mfuko wa saruji nilikuwa nimeziandika tarehe za malipo ya mteja kana kwamba nimezipima kwa rula.

Daftari nimeliandika upya. Muda wa kila kazi nimeuzidisha kwa 1.6. Udongo unapimwa kabla ya bei kutajwa. Ziara za saiti zina ada yake: msingi, nondo za nguzo, na kila mara kabla ya zege kumwagwa. Nyumba kumi na mbili zimekuwa nne, na kibao cha kampuni kitasubiri mpaka mhuri uwe wangu.

Kule Kimara ringi zilifungwa upya, na mirunda ilikaa mpaka siku ya 28. Kodi ya siku 18 za ziada mama aliikata kwenye ada yangu. Nimeiandika kwenye daftari, safu ya gharama za kuanzisha kampuni.