Kijiti Kilichovaa Nyuzi

Haya watoto, sogeeni karibu na jiko, baridi ya Eldoret haina huruma. Leo sungura na fisi wamelala. Nitasimulia damu. Anayeogopa na afunike masikio, ila najua ataacha upenyo kidogo.

Zamani, katika maboma ya Wanandi huku kwetu, ng'ombe alifungwa ukanda shingoni hadi mshipa ukavimba. Mzee akasimama karibu naye, akavuta upinde wenye mshale uliozungushiwa kizuizi karibu na ncha ili usizame mno. Damu ikaruka, ikakingwa. Ukanda ulipolegezwa, tundu likajiziba lenyewe na ng'ombe akarudi malishoni. Lakini macho yenu yawe kwenye kibuyu. Kogo, yaani bibi, alikuwa anaikoroga damu kwa kijiti, mbiombio, bila kupumzika. Angeiacha kidogo tu ingekuwa donge. Alipokitoa kijiti, kilikuwa kimevaa nyuzi zinazonata, na damu iliyobaki haikuganda tena. Ikachanganywa na maziwa.

Nyuzi zile ni faibrini. Hukaa ndani ya damu kama protini iliyoyeyuka, mfano wa sukari kwenye chai, mpaka ije protini nyingine, thrombini, iikate. Ikishakatwa, vipande hushikana, vinakuwa uzi, na nyuzi zinafuma wavu wa kuziba kidonda.

Na thrombini huamshwa na nani? Hapo ndipo kijiti kinarudi, safari hii kile cha mbio za kupokezana. (Najua, sisi wa Eldoret sifa zetu ni za marathoni. Nivumilieni.) Wakimbiaji ni protini za damu, wamepewa namba za Kirumi mgongoni. Namba VI hayupo: iligundulika kwamba alikuwa ni V yule yule, ameshapashwa moto tu. Timu ni mbili. Ya kwanza huanzishwa na protini iliyojificha nje ya mshipa. Mshipa ukichanika, inakutana na damu na kumpa VII kijiti. Ya pili huamka damu inapogusa kitu kigeni kama kioo: XII anampa XI, XI anampa IX, na VIII anamsaidia IX. Timu zote mbili hukutana kwa X, ambaye anakimbilia thrombini.

Nendeni maabara ya hospitali kubwa kama ile ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hapa mjini. Damu ya kupima mbio hizi huwekwa kwenye tyubu yenye kifuniko cha buluu. Ndani mna sitireti, inayoikamata kalisiamu yote. Bila kalisiamu mbio hazifiki mwisho. Damu iwe sehemu tisa kwa sitireti moja, na tyubu isipojaa hadi mstari hurudishwa. Kisha huzungushwa kwa kasi mpaka chembe zizame na yabaki maji ya manjano juu. Maji hayo hupashwa hadi nyuzi 37, joto la mwili, yanaongezwa kalisiamu na kitu cha kuamsha timu moja, na saa inaanza kuhesabu.

Timu ya kwanza humaliza kwa sekunde kama 11 hadi 13. Kipimo chake huitwa PT. Ndicho hufuatiliwa na wagonjwa wenye valvu bandia moyoni wanaomeza warfarini, dawa inayoipinga vitamini K, na ndiyo maana huulizwa wamekula sukuma wiki kiasi gani: majani yale yana vitamini K, ambayo bila yake VII, X na wenzao hawaundwi sawasawa. Timu ya pili, inayopimwa kwa APTT, huchukua sekunde kama 25 hadi 35.

Sasa aje mvulana ambaye goti lake huvimba damu kila akianguka uwanjani. PT yake ni nzuri, APTT inachelewa mno. Wakichanganya maji yake ya damu na ya mtu mzima wa afya, saa inarudi kawaida: basi kuna mkimbiaji aliyekosekana. Akiwa VIII ni hemofilia A, akiwa IX ni hemofilia B.

Lakini kuna jibu moja lililowachanganya hata madaktari. Marekani, miaka ya 1950, mfanyakazi wa reli aitwaye John Hageman alipimwa kabla ya upasuaji. Damu yake kwenye kioo ilikaa, ikakaa, haikuganda. Wakamuuliza kama huvuja damu ovyo. Hapana, hata siku moja. Aliyekosekana kwake ni XII, yule anayeamshwa na kioo, na mwilini hatuna kioo. Mwilini thrombini yenyewe inaweza kumwamsha XI.

Mwaka 1968 Hageman aliumia nyonga. Alipokuwa akiuguzwa, donge la damu lilisafiri hadi mapafuni, likamuua.